Chokoleti na Mkono Uliochuma Kakao

Ni nani kati yenu asiyependa chokoleti? Mtoto aliyeionja mara moja haisahau. Na mtu mzima akijidai kwamba ameyaacha mambo ya kitoto, mwekee kipande mezani, kisha geuza uso utazame dirishani kidogo tu. Ukirudisha macho utakuta karatasi tupu. Sisi wenyewe hatujitoi katika kundi hilo. Twaipenda chokoleti, na hatuoni dhambi kusema hivyo mbele ya watu.

Jambo lililotufanya tushike kalamu lilitokea hapa Bambu, katika darasa la sita. Mgeni mmoja aliyepanda kutoka Bunia alileta kibao kimoja cha chokoleti, na mwalimu akakikata vipande vidogo vidogo, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba, ili pasiwe na mtoto wa kukosa. Baada ya kulamba vidole, mwalimu aliuliza: “Haya, watoto, chokoleti hutoka wapi?” Mikono ikainuka. “Ulaya, Mwalimu!” “Ubelgiji, Mwalimu!” Mmoja akasema hutoka dukani, wenzake wakamcheka. Lakini mvulana mmoja wa nyuma alikuwa bado amekishika kipande chake puani, hajakila. Huyo na jamaa zake walikimbia vita kutoka upande wa Irumu. Akasema polepole: “Mwalimu, hii ni harufu ya turubali la baba.”

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu alipomwuliza maana yake, mtoto alieleza kwamba baba yake alikuwa na shamba la kakao kule msituni, na kila msimu mbegu zilianikwa juu ya turubali mbele ya nyumba. Kazi yake yeye ilikuwa kuwafukuza kuku wasizichakure. Alikaa na harufu ile miaka mingi, lakini chokoleti yenyewe hakuwa amepata kuionja hata siku moja, wala baba yake, wala babu yake.

Basi tumeona yafaa tuwasimulie wasomaji wetu habari za kakao tangu mwanzo, maana watu wengi huila wasiyoijua, na wengine, kama mtoto yule, huijua wasiyoila.

MTI UZAAO SHINANI

Mkakao ni mti wa kivulini. Hupenda joto na mvua, nao hauishi mbali na ikweta. Ndiyo maana msitu wetu wa Ituri unaufaa. Jambo linalomshangaza mtu anayeuona mara ya kwanza ni kwamba matunda yake hayaning’inii kwenye vitawi vya juu kama maembe, bali hutoka katika shina lenyewe na katika matawi manene, kana kwamba mtu ameyagandamiza pale kwa mkono. Mti huanza kuzaa ukiwa na miaka mitatu hadi mitano. Tunda moja lina mbegu ishirini na kitu hadi hamsini, zimefungwa pamoja katika ute mweupe na mtamu ambao watoto hupenda kuunyonya.

Mbegu mbichi ni chungu, wala haina harufu yoyote ya chokoleti. Harufu hiyo huzaliwa na kazi ya mkulima. Mbegu pamoja na ute wake hulundikwa katika sanduku la mbao au chini, zikafunikwa kwa majani ya migomba, zikavundikwa siku tano hadi saba. Lundo hupata moto kiasi kwamba ukiutia mkono ndani utautoa upesi. Kila baada ya siku mbili hivi lazima lipinduliwe. Kisha mbegu huanikwa juani wiki nzima au zaidi, na mvua ikinyesha mbio za kuzianua hazimwachi mtu amalize chakula chake. Mkulima akizivundika vibaya, hakuna fundi wa Ulaya, hata awe na mashine ya namna gani, awezaye kuuokoa utamu uliopotea. Na kilo moja ya mbegu kavu hutaka kilo mbili na nusu au tatu za mbegu mbichi. Tunaomba msomaji aishike hesabu hiyo, maana tutairudia.

Asili ya mti huu si Afrika. Ulitoka Amerika, ambako Wamaya na Waazteki waliufahamu kabla ya meli za Wahispania kufika. Wao waliinywa kakao, tena bila sukari. Mwaka 1753 mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Linnaeus, aliupa mti jina la kisayansi ambalo maana yake ni chakula cha miungu. Wakristo wa Ulaya walipoanza kukinywa kinywaji kile waliingia katika mabishano makubwa: je, mtu aliyekunywa chokoleti siku ya mfungo, amefunga au amefungua? Mabishano yalidumu miaka mingi, hata kadinali mmoja, Francesco Maria Brancaccio, akaandika kitabu juu ya suala hilo mwaka 1664 na kuamua kwamba kwa kuwa ni kinywaji, hakivunji mfungo. Twadhani mheshimiwa huyo naye alikuwa na kikombe karibu.

Chokoleti ngumu ya kutafuna ni kitu cha karne ya 19. Mwaka 1828 Mholanzi Van Houten alipata hati ya mashinikizo ya kukamua mafuta ya kakao, na mwaka 1875 Daniel Peter wa Uswisi akaichanganya na maziwa. Hapo ndipo dunia nzima ilipotaka chokoleti, na hapo ndipo Afrika ilipoingizwa katika habari hii.

SWALI LENYE UMRI WA ZAIDI YA MIAKA 100

Waliotangulia kuilima kakao kwa wingi katika bara letu ni Wareno, katika visiwa vya São Tomé na Príncipe. Mwanzoni mwa karne ya 20 visiwa vile viliongoza dunia. Lakini waliolima ni watu waliotolewa Angola, wakaandikishwa kwa karatasi zilizosema wamekubali wenyewe kufanya kazi; kwao walikotoka wachache mno walipata kurudi. Mwandishi Mwingereza, Henry Nevinson, alizifuata njia walizopitishwa, naye mwaka 1906 akatoa kitabu kilichouita mpango ule kwa jina lake la kweli, yaani utumwa. Mwaka 1909 kampuni ya Cadbury ya Uingereza pamoja na wenzake waliacha kununua kakao ya São Tomé. Walichelewa, maana habari zilikuwa zimewafikia miaka kadhaa kabla, lakini waliacha.

Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kuuliza ‘Ni mkono gani uliochuma kakao hii?’ ni mtindo mpya ulioletwa na watu wa siku hizi. Ni swali la zamani.

Wakati huo kakao ilikuwa imekwisha kuvuka hadi bara. Ghana hawamsahau fundi mhunzi, Tetteh Quarshie, ambaye mwaka 1879 alirudi kutoka kisiwa cha Fernando Po na mbegu chache, akazipanda Mampong. Leo Ghana na jirani yake Côte d’Ivoire hutoa zaidi ya nusu ya kakao yote ya dunia. Katika nchi yetu Wabelgiji waliipanda kwanza huko magharibi, Mayombe, karibu na bahari. Huku mashariki wazee wetu walizoea kahawa. Kahawa ya robusta ndiyo iliyojenga nyumba za bati katika vijiji vya Beni na pembezoni mwa msitu wa Ituri, mpaka miaka ya 1990 ulipoingia ugonjwa wa mnyauko uliokausha mibuni shamba baada ya shamba. Mkulima aliamka asubuhi akakuta mti uliomsomeshea watoto umesimama kama kuni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya ESCO Kivu na wengineo walianza kugawa miche ya kakao na kufundisha namna ya kuivundika, na kwa muda mfupi zao hilo likaenea Beni, likaingia Mambasa na Irumu.

MIZANI

Hapa Bambu hatuna haja ya kufundishwa maana ya mali itokayo ardhini kwa jasho la mmoja na kumetameta mkononi mwa mwingine. Dhahabu iligunduliwa katika nchi hii ya Kilo mwaka 1903. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya machimbo ya Kilo-Moto, na Bambu pakawa makao ya ofisi. Vijana wetu hadi leo hushinda majini wakizungusha karai. Jioni mchimbaji hupeleka punje zake kwa mnunuzi, nazo hupimwa kwa mizani ndogo, ambayo katika machimbo mengi ya Ituri mawe yake ni vijiti vya kiberiti na sarafu kuukuu. Ni nani ajuaye uzito wa kijiti cha kiberiti? Ajuaye ni mnunuzi.

Kakao nayo ina vijiti vyake vya kiberiti. Mnunuzi huja na mizani ya kuning’iniza isiyosema kweli, au hukata kilo kadhaa kwa ajili ya ‘unyevu’ bila kupima unyevu wowote, au hununua mbegu mbichi kwa ndoo. Hapo ndipo msomaji aikumbuke ile hesabu yetu. Mkulima mwenye haraka, ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, huuza mbichi jioni hiyo hiyo, na faida ya kuvundika na kuanika huenda kwa mwingine. Wengine huuza matunda yangali mtini, miezi mitatu kabla ya mavuno, kwa fedha ya kumaliza shida ya leo. Mvuno ukija, yeye ni kibarua katika shamba lake mwenyewe.

Katika Ghana wakulima waliochoka na mizani ya namna hiyo waliunda mwaka 1993 chama cha ushirika kinachoitwa Kuapa Kokoo. Walichagua wapimaji miongoni mwao, watu wa kijiji hicho hicho, wapime mbele ya macho ya wote. Mwaka 1998 waliingia katika kampuni ya chokoleti huko Uingereza, ile ijulikanayo kwa jina la Divine, wao wenyewe wakiwa na hisa. Hivyo mkulima wa kakao akawa pia mmoja wa wenye chokoleti, jambo ambalo kwa miaka mia moja watu walilicheka.

Njia iliyowawezesha ndiyo iitwayo biashara ya haki. Wasomaji wetu watapenda kujua kwamba mmojawapo wa waliofungua njia hiyo ni padri, Frans van der Hoff, Mholanzi aliyeishi kwa kazi ya mikono yake pamoja na wakulima wa kahawa katika milima ya Oaxaca, Meksiko. Wakulima wale hawakumwomba sadaka, waliomba bei. Mwaka 1988 yeye na mwenzake Nico Roozen walianzisha Uholanzi alama ya kubandikwa juu ya pakiti, wakaiita Max Havelaar, na baadaye alama za namna hiyo zikaenea katika nchi nyingi. Mwaka 1994 chokoleti ilikuwa bidhaa ya kwanza kubandikwa alama ya Fairtrade katika maduka ya Uingereza.

Mpango wenyewe ni rahisi kuuelewa. Kwanza, wakulima wawe wamejiunga katika ushirika wanaoutawala kwa kura. Pili, pana bei ya chini ambayo mnunuzi haruhusiwi kuivuka hata soko la dunia lianguke namna gani. Mwezi wa Oktoba 2019 bei hiyo ilipandishwa kutoka dola 2,000 hadi 2,400 kwa tani ya kakao ya kawaida. Tatu, juu ya bei hiyo mnunuzi hulipa nyongeza, iliyopandishwa siku hiyo hiyo kutoka dola 200 hadi 240 kwa tani, ambayo haingii mfukoni mwa mtu mmoja bali katika mfuko wa wote; nao katika mkutano wao huamua kama ni kisima, au darasa, au turubali mpya za kuanikia. Mtoto asitumikishwe kazi za hatari, na sumu zilizokatazwa zisinyunyizwe.

Twapenda kusema kweli yote, hata sehemu isiyopendeza. Alama hiyo si ufunguo wa mbinguni. Kukaguliwa kuna gharama, na ushirika mdogo huweza kulemewa. Aidha, ushirika uliopewa alama mara nyingi huuza sehemu tu ya kakao yake kwa masharti hayo, kwa sababu wanunuzi wa namna hiyo ni wachache. Iliyobaki huenda soko la kawaida. Na mwaka 2024 tuliona kituko: mvua mbaya na magonjwa ya mikakao huko Ghana na Côte d’Ivoire yalipandisha bei ya dunia hata ikapita dola 12,000 kwa tani mwezi wa Desemba, na ile bei ya chini ya dola 2,400 ikaonekana kama mwavuli wakati wa kiangazi. Lakini kiangazi hakidumu. Kabla ya mwaka 2025 kwisha, bei ilikuwa imeporomoka hadi karibu nusu ya kilele kile. Mkulima aliyekopa pikipiki akitazamia kwamba kilele ni uwanda, sasa anaijua maana ya mwavuli.

KAKAO NA BUNDUKI

Sasa tunafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito. Katika nchi yetu mashariki, adui wa mkulima wa kakao si mizani peke yake. Tangu mwaka 2014 wilaya ya Beni imepata mauaji yasiyokwisha, mengi yakifanywa na kundi la ADF lenye asili yake Uganda, nayo yakavuka hadi Irumu na Mambasa. Watu wameuawa wakiwa katika mashamba yao ya kakao. Wakati wa mavuno ndio wakati wa hofu kuu, maana shamba likiachwa, kuna mtu mwingine atakayelivuna. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kadhaa juu ya mashamba yaliyotwaliwa hivyo, na juu ya kakao ya Kongo inayovushwa kwa magendo hadi Uganda, ambako huchanganywa na nyingine na kupata karatasi safi.

Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 27 Julai 2025, huko Komanda, kilomita 75 hivi kutoka Bunia, makumi ya waamini waliuawa, wengi wao wakiwa katika mkesha wa sala kwenye parokia yenye jina la Mwenye Heri Anuarite. Komanda ni mji wa njia panda. Mazao ya msituni hupitia pale. Wengi wa waliokufa walikuwa vijana. Hatuna la kuongeza juu ya hayo.

Ila mwenye kununua na aelewe. Gunia linaloletwa usiku, bila jina la shamba, na mtu ambaye juzi hakuwa na mti hata mmoja, bei yake ikiwa nusu ya bei ya wengine, lina mwenyewe mahali fulani. Huenda mwenyewe yuko katika kambi ya wakimbizi. Huenda hayuko tena duniani. Tunajua kwamba baadhi ya wachuuzi wetu, Wakristo wenye rozari shingoni, husema: “Mimi sikuiba, nimenunua tu.” Papa Benedikto XVI, katika waraka wake wa mwaka 2009, Caritas in Veritate, alifundisha kwamba kununua daima ni tendo la maadili, si la uchumi tu. Hakuwatenga wachuuzi wa kakao.

Kuna na habari njema. Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, katika wilaya hiyo hiyo ya Beni iliyojaa machozi, kuna kiwanda kidogo cha chokoleti kinachoendeshwa kwa umeme wa maji ya mlimani. Kiliinuliwa na watu wa Hifadhi ya Virunga, wakisaidiwa na fundi wa chokoleti wa Ubelgiji, Dominique Persoone. Wanaokaanga, wanaosaga na wanaofunga vibao vile katika karatasi ni vijana wa Mutwanga. Nje ya nchi nako, kampuni ya Original Beans imeiita chokoleti yake moja Cru Virunga, ili mlaji ajue mahali kakao ilipotoka. Ndugu zetu wa Tanzania wametumia njia nyingine: Mbingu, katika bonde la Kilombero, kampuni ya Kokoa Kamili imenunua tangu mwaka 2013 mbegu mbichi na kuzivundika yenyewe kwa uangalifu, na katika Kyela vyama vya ushirika huuza kwa mnada ambapo bei husomwa hadharani, kila mkulima akisikia kwa masikio yake.

WATOTO SHAMBANI, NA MSITU

Wazazi hutuuliza: je, ni kosa mtoto kumsaidia baba yake shambani? Hapana. Mtoto aliyewafukuza kuku juu ya turubali hakutumikishwa, alilelewa. Kosa ni kumpa mtoto wa miaka kumi panga la kupasulia matunda, au pampu ya sumu mgongoni, au gunia linalompinda uti wa mgongo, na shule ikawa ya siku za mvua tu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walihesabu katika mashamba ya kakao ya Ghana na Côte d’Ivoire watoto wapatao milioni 1.56 katika kazi zisizowafaa, ingawa makampuni makubwa yaliahidi kwa maandishi tangu mwaka 2001 kuzikomesha zile mbaya kupita zote. Palipo na bei ndogo, mkulima hana fedha ya kumlipa kibarua. Kibarua wake ni mwanawe. Ndiyo maana hatupendi mtu amlaani mkulima huyo kabla ya kuitazama mizani.

Kuhusu msitu tutasema machache. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, yakataza kuingiza kakao iliyolimwa mahali palipokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na hutaka kila shamba lionyeshwe kwenye ramani. Ni sheria nzuri kwa miti. Mkulima mdogo wa Mambasa asiye na hati yoyote ya shamba lake aweza kufungiwa mlango asipopata wa kumsaidia kupima mipaka, na hapo vyama vya ushirika vina kazi kubwa.

TUFANYE NINI SISI WA BAMBU?

Msomaji atasema: haya yote ni ya watu wa Ulaya wenye kuchagua dukani. Sisi chokoleti twaiona Noeli hata Noeli. Ni kweli. Walakini wengi wetu tuna ndugu Brussels au Liège, nao wakija likizo hutuletea chokoleti. Waandikieni mapema. Waambieni watazame karatasi: ina alama ya biashara ya haki? Inataja nchi kakao ilikotoka, au hata kijiji? Maneno ‘chokoleti ya Ubelgiji’ hayaelezi ilikochumwa. Hueleza ilikopikwa tu. Ipo chokoleti moja mashuhuri ya huko yenye picha ya tembo, iliyoandikishwa mwaka 1883 kwa jina la Côte d’Or, yaani Pwani ya Dhahabu, jina la zamani la Ghana. Watu wengi wameila maisha yao yote bila kujiuliza kwa nini tembo yuko pale. Ndugu yako akimwuliza mwenye duka swali hilo mara moja, ataonekana msumbufu. Wakiuliza watu mia, mwenye duka atamwuliza aliyemwuzia.

Na kwa wale kati yetu wanaochuuza, au walio na jamaa msituni: msinunue usiku. Msinunue matunda yangali mtini kwa mtu mwenye njaa. Mvundike wenyewe, muanike wenyewe, muuze pamoja.

Turudi darasani. Baada ya siku ile mwalimu aliwapeleka wanafunzi mtoni kuokota mawe, wakayabeba hadi kwenye zahanati, na muuguzi akawaruhusu kuyapima moja moja katika mizani ya watoto wachanga. Walipima mengi. Mengine yalizidi, mengine yalipungua, mpaka wakapata moja lililofikisha kilo tano kamili baada ya kugongwa kidogo upande mmoja. Yule mvulana wa Irumu ndiye aliyeliandika tarakimu ya 5 kwa rangi nyeupe. Mwalimu akawaeleza kwamba mizani yoyote ikiambiwa ukweli na jiwe hili, ikajibu uongo, basi aliyeishika ni mwongo.

Jiwe likawekwa nyuma ya mlango wa darasa. Wiki iliyopita lilitoka. Baba yake mvulana yule amepata nafasi ya kurudi pamoja na wenzake, wakisindikizwa, ili wachume kilichobaki mashambani. Alikuja asubuhi mapema, akalifunga jiwe katika kitambaa, akalitia chini ya gunia tupu, akapanda pikipiki. Bado hatujasikia mizani ilisema nini.